Bei ya Nusu

Kikombe cha Rubeya kilikuwa hamsini
mwaka nilioacha kazi ya mizani ya karafuu.
Mke wangu alinambia: sasa utainywa pensheni yote
pale pale barazani Kipangani.
Tulicheka. Kwa hamsini mtu angekunywa mpaka alfajiri
na bado asiimalize, hata pensheni ya karani.

Ikaja mia. Tukanung'unika siku mbili.
Mia mbili: wiki nzima, na dhumna tukaipiga kwa hasira
mpaka meza ikavunjika mguu.
Kisha Rubeya akaiacha bei,
akabadilisha vikombe.
Vile vya sini, vyenye ua jekundu, akavirudisha kabatini,
akaja na vipya, vyeupe,
matako mazito, tumbo hamna.
Mbwana Shaame, mwalimu wa hesabu mstaafu,
alijaza maji cha zamani, akamimina katika kipya,
yakamwagikia kikoi.
"Mafunda mawili," alisema. "Tumeibiwa mafunda mawili."
Rubeya akapepea jiko, hakuinua uso:
"Yaulizeni makaa.
Na tangawizi muiulize ilisafiri wapi
hata ikarudi bibi mkubwa."

Sasa ni mia tatu, na vikombe ni vile vile vyeupe.

Hakuna aliyesema nimeacha.
Watu wa Wete hatusemi hivyo.
Tunasema: "Nishakunywa nyumbani."
Kombo Mkadam alikuwa wa kwanza,
yeye aliyezoea kuzungusha kidole hewani,
"wape wote, niandikie mimi."
Siku hizi hupita baada ya isha, hutoa salamu kasimama,
mkono mfukoni kama aliyeshika ndege asiruke.
"Karibu kahawa."
"Aa, nishakunywa nyumbani."
Na nyumbani kwake, mke wangu anajua,
kopo la kahawa linawekewa sindano na vifungo.

Jana Mbwana Shaame alituwekea sauti ya mpwawe,
yuko Lesta, anaosha gilasi katika baa ya Waingereza.
"Mjomba, naosha tu, wallahi," ndivyo anavyoanza kila mara.
Gilasi moja ya bia, anasema, imefika paundi saba.
Mwalimu akashika chaki, akaandika ukutani,
akazidisha, akagawa: vikombe themanini.
Tukacheka mpaka dhumna zikaanguka.
Vikombe themanini! Mtu mmoja! Na kashata hapewi!

Lakini sauti ilikuwa haijesha.
Yupo mzee wa Kizungu pale, anasema kijana,
fundi bomba zamani, wanamwita Leni.
Alikuwa akinywa tatu. Kisha moja.
Sasa hununua nusu, saa tano ya asubuhi,
akaiatamia kama kuku hadi magharibi,
na wakimuuliza kama aongezewe
husema anayo chupa yake nyumbani.
"Siku moja nilimbebea mzigo, mjomba, nikaingia ndani.
Chupa hakuna. Kuna paka na redio.
Na baa yenyewe inafungwa mwezi wa tatu."

Hakucheka mtu.
Simu ikazimika taa mkononi mwa mwalimu.
Kombo, aliyekuwa kasimama, akavua viatu, akakaa.
"Rubeya," alisema, "nitilie nusu."

Neno hilo barazani petu halijapata kusikika.
Nusu mkate, sawa. Nusu kilo. Nusu kahawa, la.
Rubeya alibaki na dele hewani, mdomo wa shaba ukifuka:
"Nusu sijaipangia bei."
"Mia na hamsini," alisema mwalimu, "hesabu ya darasa la pili."
"Na kikombe cha nusu kinaoshwa nusu?"
"Basi mia mbili."
"Kwa matako yale? Nusu yake funda moja na harufu!"
Wapita njia wakasimama. Muuza halua akaleta sinia lake,
wavulana wa keram wakaacha mchezo,
mmoja akasema mia, akazomewa.

Tukabishana mpaka makaa yakawa jivu,
barazani hapana pa kuweka goti,
na dele limejaa, limepoa,
hakuna aliyenunua.